Mzee wa Chumvi Anayewafukuza Mbega Wake

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Ziwa Nyasa, Andongwisye Mwasomola anasimama chini ya mkuyu katika msitu wa Lwangila na kutikisa kopo la chumvi. Kacha, kacha, kacha. Anatulia, anasikiliza, kisha anatikisa tena.

Huko juu majani yanacheza. Mbega jike mwenye mkia uliokatika nusu anateremka tawi kwa tawi, bila haraka, kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Tumboni amekumbatia mtoto mweupe pe, maana mbega huzaliwa hivyo, na weusi humjia baadaye. Anafika tawi la chini kabisa, hatua nne kutoka kwa mzee, na anakaa. Anamtazama usoni.

Andongwisye anaweka kopo chini. Anaingiza mkono mfukoni mwa koti lake la kijani, anatoa bonge la udongo mkavu, na analivurumisha kwa nguvu zake zote. Bonge linapasukia kwenye shina, karibu kabisa na bega la mbega. La pili linafuata, kisha la tatu, huku mzee akipiga kelele kwa Kinyakyusa na kukanyaga majani kwa kishindo.

Jamani! Mwandishi wa makala haya alitoka Mbeya jana yake kwa basi la alfajiri, akashuka Kyela mjini, akabebwa na pikapu ya wanunuzi wa kakao hadi Matema, akapanda mlima saa mbili kwa miguu, yote hayo ili amwone mtu anayesifiwa kwa kulinda wanyama wa msituni. Na huyu hapa, mzee wa miaka hamsini na minane, anampopoa mama mwenye mtoto mchanga.

Mbega harudi nyuma hata kidogo. Anahamia tawi la pembeni, anapangusa vumbi la udongo, anaendelea kumtazama. Mzee anaishiwa mabonge. Anakaa juu ya gogo, anavua kofia, anajifuta uso, na mwandishi anaona kwamba anachojifuta si jasho peke yake.

"Usiandike kwamba namchukia," anasema bila kugeuka. "Andika kwamba huyu ndiye wa mwisho. Wenzake wanane wamekwisha kujifunza. Huyu amekataa. Na wale watu wamerudi."

Ili msomaji aelewe wale watu ni akina nani, na kwa nini mzee mwenye akili timamu anataka kuchukiwa na mnyama anayempenda, inabidi turudi nyuma miaka minne.

Andongwisye alizaliwa Ngonga, kwenye mashamba ya mpunga, lakini alikua akichunga ng'ombe. Baba yake alikuwa na ng'ombe saba, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Zizi lilifagiliwa kila asubuhi kabla ya nyumba. Siku za chumvi, baba alitikisa kibuyu chenye chumvi ya mawe, na ng'ombe waliokuwa mbali bondeni wakaja wakikimbia. Alimfundisha mwanawe kwamba mnyama akikukimbia, ujue hujamtunza.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi miaka kumi na saba kwenye kinu cha mpunga cha umma. Kinu kilipouzwa kwa mtu binafsi mwaka 1993, wafanyakazi walipunguzwa, naye akiwamo. Alihamia kwao mkewe, chini ya Milima ya Livingstone, akalima ndizi na kakao kama majirani zake.

Miaka hiyohiyo biashara zote zilifunguliwa, na msitu nao ukafunguliwa. Waliingia wapasua mbao wenye vibali na wasio na vibali. Mwandishi ameona visiki vyao kandokando ya njia: vingine mtu anaweza kulala juu yake akajinyoosha. Chemchemi mbili zilikauka ndani ya mwaka mmoja.

Aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akasema inatosha ni Mwalimu Anyes, mama mstaafu aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa wamekaa pale. Alikuwa amempangisha mtafiti mmoja wa ndege, mgeni, ambaye alimwambia kuna watu huko duniani wanaolipa ili waingie msituni, wasikate kitu, watoke. Mwalimu Anyes anakiri hakuamini. Alidhani mgeni yule ana homa.

Lakini kamati iliundwa, naye akawa mwenyekiti. Mgeni wa nje akatozwa shilingi elfu mbili, mwananchi mia tano. Fedha zilikwenda kwanza kwa walinzi wanne wa msitu, kisha kwa zahanati, ambayo ilikuwa haina bati. Wapasua mbao wakafukuzwa. Na kazi ya kuwaongoza wageni akapewa Andongwisye, kwa kuwa alijua njia na alikuwa mpole.

Tatizo likawa moja. Wageni wanakuja, wanapanda mlima, wanaloa, na mbega hawaonekani. Wanasikika tu wakiunguruma asubuhi, kisha wanapotelea kwenye vilele vya miti. Wageni wanashuka wamenuna.

"Nilikuwa naona aibu," anasema Andongwisye. "Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Na hawa mbega ndio wenyeji, mimi nimeleta wageni mlangoni kwao, wao wamejifungia ndani. Nikafikiri, hawa hawajatunzwa."

Basi akafanya alichofundishwa na baba yake. Alinunua chumvi ya mawe sokoni Kyela, akachonga gogo likawa hori, akamwaga chumvi humo. Mbega hula majani tu, na majani hayana chumvi. Siku ya tano wakateremka. Mwezi wa tatu walikuwa wakimjua. Mwezi wa sita kulikuwa na mbega ishirini na watatu waliokuja wakisikia kopo, nao wakapewa majina kama ng'ombe. Yule jike wa mkia nusu akaitwa Kibutu.

Habari zilienea. Watu walitoka hadi Dar es Salaam kuja kumwona Mzee wa Chumvi. Zahanati ikapata bati, ikapata kitanda cha kujifungulia. Andongwisye alikuwa akilipwa shilingi elfu ishirini kwa mwezi, fedha ambazo kinu hakikuwahi kumpa. Kibutu alifikia hatua ya kula chumvi kiganjani mwake huku mkono mmoja umeshika kidole cha mzee.

"Ningekwambia siku zile kwamba ninakosea, ungenicheka," anasema.

Kweli, mwandishi angemcheka. Nani asingemcheka?

Mwezi Julai mwaka jana walikuja wanaume wawili, wananchi, wamevaa mashati safi. Walilipa mia tano tano wakapewa risiti. Walikaa kimya, hawakuvuta sigara, hawakutupa karatasi. Baada ya wiki wakarudi, wakalipa tena. Mara ya tatu mmoja wao aliuliza chumvi inayotumika ni ya mawe au ya unga, na kama yeyote anaweza kutikisa kopo wakaja. Mzee alifurahi kuulizwa. Alimkabidhi kopo atikise mwenyewe.

"Kwa mkono huu," anasema, na anaunyoosha mkono wa kulia kana kwamba si wake.

Mwalimu Anyes anacho bado kitabu cha wageni. Alimfunulia mwandishi ukurasa ule nyumbani kwake, meza ikiwa imetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mwandiko ni mzuri, wa mtu aliyesoma. "Tumefurahi sana. Mungu ambariki Mzee wa Chumvi kwa upendo wake kwa viumbe." Tarehe ipo. Majina yapo, na bila shaka ni ya uongo.

Mwandishi alisoma maneno yale mara tatu. Amekuwa kazini miaka kumi na mmoja, ameandika habari za majambazi na za ajali, lakini nywele zilimsisimka juu ya kitambaa kile cha kufuma.

Siku waliyochagua ilikuwa Jumapili. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, walinzi wakiwamo, maana palikuwa na ubatizo. Watu wale walipita njia ya nyuma wakiwa na kopo lao na chumvi yao. Andongwisye alipanda saa tisa alasiri kuangalia hori.

Kuna mambo aliyomweleza mwandishi ambayo hayataandikwa hapa. Yatakayoandikwa ni haya. Mbega kumi na wanne walikuwa wamelazwa kando ya hori, wamechunwa ngozi. Hapakuwa na ganda la risasi. Hapakuwa na mshale, hapakuwa na mtego. Palikuwa na rungu moja lililoachwa, na kopo.

"Unaelewa maana yake?" aliuliza, na akarudia swali mpaka mwandishi akajibu kwamba anaelewa. "Hawakukimbia. Wa kwanza alipigwa, wa pili akaona, naye akabaki. Waliona mtu na kopo. Walifikiri ni mimi."

Ngozi hazikuonekana tena. Wengine wanasema zilivuka mpaka, wengine wanasema zilipelekwa mjini kupambwa ukutani. Hadi leo hakuna aliyekamatwa.

Andongwisye alichimba shimo moja kando ya hori akawazika wote. Baadhi ya watu walimcheka: mzee mzima anazika nyani? Lakini jioni ile wazee watano walikuja wakakaa uani kwake bila kusema neno, kama inavyofanyika penye msiba, na Mwalimu Anyes akaja na uji.

Wiki tatu hakutoka. Alimwomba Mwalimu Anyes amtafute mtu mwingine. Walinzi walimletea habari kwamba mbega hawaonekani kabisa, na baadhi ya watu wakasema wamekwisha. Asubuhi moja akashindwa kuvumilia, akachukua kopo, akapanda. Alitaka kujua kama yupo aliyebaki.

"Nilitikisa huku naomba Mungu wasije," anasema. "Nilisema, wakija, basi nimewaua wote, waliokufa na walio hai."

Walikuja. Walikuwa tisa, wote waliobaki, na Kibutu mbele yao. Wakakaa kwenye hori lilelile, juu ya udongo wa kaburi la wenzao uliokuwa haujakauka vizuri, wakanyoosha mikono wakisubiri chumvi.

Mwandishi aliposikia hapo alifunga daftari. Mzee alimpa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati.

Saa sita mchana walishuka nyumbani kwa Andongwisye, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyozungukwa na migomba na mikakao. Hapo mwandishi akapata mshtuko wa aina nyingine. Mwanamke kijana alitokea jikoni na sinia la wali na samaki wa ziwani. Alipomwona mzee amekaa barazani, alijifunika kanga kichwani, akageuza uso, akaweka sinia chini hatua kumi kutoka pale, akatoweka nyuma ya nyumba kama anayekimbia mvua. Mzee naye alikuwa amegeuka kuitazama migomba.

Mwandishi, ambaye kwao Tanga mambo hayo hayapo, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna ugomvi.

Andongwisye alicheka, kicheko cha kwanza cha siku ile. Yule ni Ikupa, mke wa mwanawe Aliko. Kwa mila ya Wanyakyusa mkwe wa kike hamtazami baba mkwe, hapiti njia moja naye, halitamki hata jina lake. Akimwona anakuja, anaingia porini mpaka apite. Siku hizi wengi wameiacha, lakini Ikupa alilelewa na bibi yake, na bibi hakuacha kitu.

"Miaka minne anaishi hapa, sijawahi kuuona uso wake vizuri," alisema mzee. "Na katika nyumba hii hakuna anayeniheshimu kumshinda. Nikiugua, dawa naikuta mlangoni kabla sijaomba."

Ilikuwa ni Ikupa aliyemwonyesha njia bila kujua. Mwezi Septemba, mzee akishuka kutoka msituni amevunjika moyo, alimwona kwa mbali anakuja na kuni kichwani. Ikupa alimwona pia. Papo hapo aliingia kwenye mikakao, akainama, akatulia humo mpaka mzee alipopita. Andongwisye anasema alisimama njiani kama aliyepigwa na radi. Miaka yote aliamini maneno ya baba yake kwamba anayekukimbia hujamtunza. Na huyu hapa anamkimbia kila siku ya maisha yake, na hakuna chuki ndani yake hata chembe.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Anyes. Alimwambia anarudi kazini, lakini kazi yake sasa ni kuwafanya mbega wawe wakwe.

Hori lilichomwa moto. Kuanzia Oktoba, kila asubuhi, Andongwisye alipanda na koti lilelile la kijani na kopo lilelile, akawaita, na walipokuja akawarushia udongo. Mlinzi Hezroni alijitolea kumsaidia ili mzee apumzike. Mzee alikataa. Alisema asiyemwogopa Andongwisye hatamwogopa mtu yeyote, na wakimwogopa Hezroni peke yake watakuwa wamejifunza sura ya Hezroni tu. Mabonge anayachagua mwenyewe, yasiyo na jiwe ndani, na anayapasulia kwenye shina, kamwe si mwilini. Mara moja tu alikosea, akampiga dume mmoja mguuni. Siku ile hakula.

Dume huyo alikuwa wa kwanza kujifunza. Wengine walifuata mmoja mmoja, wa nane mwezi Aprili, baada ya zile mvua kubwa zilizofurisha mashamba yote ya Kyela. Amebaki Kibutu.

Na wageni je? Mwandishi aliuliza swali hilo kwa Lazaro, mkulima wa kakao, ambaye hafichi kwamba anaona kamati imerukwa na akili. Februari mwaka huu kampuni moja mpya ya kutembeza watalii ilileta pendekezo: basi zima la wageni kila Jumamosi, mradi chumvi irudishwe, maana watu wanataka picha za karibu. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kuanikia kakao, na ulikuwa mkali. Lazaro alisimama akasema mke wake alijifungua watoto wawili kwenye mtumbwi akipelekwa Matema, na wa tatu kwenye kitanda cha zahanati. Kitanda kile kilinunuliwa na chumvi ile.

"Mimi sina ugomvi na mnyama," Lazaro alimwambia mwandishi. "Nauliza tu, wakikimbia wote, nani atalipa? Na asipolipa mtu, msumeno unarudi. Hapo mbega na sisi tutakuwa tumekosa wote."

Swali lake ni la haki, na hakuna aliyelijibu vizuri siku ile. Mwalimu Anyes alisimama na kitabu cha wageni, akasoma maneno ya wale wauaji mbele ya mkutano, akakaa. Mikono ikanyooshwa. Chumvi ilikataliwa kwa tofauti ya kura kumi na moja.

Sasa wageni wanapewa kile ambacho kijiji kinakiita kanuni ya mkwe. Wanaingia sita kwa mara moja, na vyakula wanaviacha kijijini. Kuna benchi hatua arobaini kutoka kwenye miti ambamo mbega hupenda kulala. Unakaa hapo kimya, huelekezi kidole, huiti. Andongwisye anakueleza habari ya Ikupa, na anakwambia kwamba wewe leo ni baba mkwe: ukiona kivuli kinapita shukuru, na wakikukimbia usikasirike, wamekuheshimu, nawe umewaheshimu.

Mwezi uliopita walikuja wageni kumi na tisa. Kumi na saba hawakuona zaidi ya mkia. Wawili walidai kurudishiwa fedha, wakarudishiwa. Mmoja, mama mtu mzima aliyekuja na mumewe, alikaa benchini siku tatu mfululizo, akalipa kila siku, na alipoondoka akaacha fedha ya mshahara wa mlinzi kwa miezi miwili. Walinzi wamepungua kutoka wanne hadi watatu. Mzee mwenyewe ameomba alipwe nusu. Zahanati haijafungwa, na msumeno haujarudi. Mpaka sasa.

Ila kopo limerudi. Wiki mbili zilizopita Hezroni alikuta kopo jipya limefichwa kwenye mizizi karibu na chemchemi, limejaa chumvi ya mawe, limefunikwa kwa majani ya mgomba. Hajui ni la nani. Kila mtu anajua ni la nini. Walinzi watatu hawawezi kulala kila upande wa mlima, na anayelitikisa kopo hilo ataitikiwa na mbega mmoja tu katika msitu mzima.

"Na ana mtoto," alisema Andongwisye usiku huo baada ya chakula, akitazama mikono yake. "Mtoto anamwiga mama. Akinijua huyo, kazi yote ya mwaka mzima ni bure. Nimefikiria hata kumpiga kweli, jiwe la kweli. Nimeshindwa. Mimi ndiye niliyemdanganya, halafu nimpige tena?"

Aliongeza kwamba kuna siku anaona Mungu amemwachia Kibutu makusudi, ili asisahau.

Asubuhi ya pili tulipanda tena. Mwandishi anakiri hakutaka kwenda. Mvua nyepesi ilikuwa imepita na njia ilikuwa inateleza. Mzee alikusanya mabonge yake sita kwenye kichuguu, akayapapasa moja moja kuhakikisha hayana kokoto, akayaweka mfukoni. Chini ya mkuyu akanong'ona, "Ugonile," salamu ya asubuhi ya kwao, kisha akatikisa kopo.

Kacha, kacha, kacha.

Majani yalicheza. Kibutu akateremka kama jana, tawi kwa tawi. Akafika tawi la pili kutoka chini akasimama. Mtoto mweupe alikuwa macho leo. Alikuwa amekitoa kichwa nje ya manyoya ya mama, anaangaza angaza macho, na akalisikia kopo. Akanyoosha mkono mdogo kuelekea kwa mzee.

Andongwisye hakuwa ametoa bonge. Mwandishi alimwona mkono umeganda mfukoni.

Ndipo Kibutu akafanya kitu ambacho Hezroni, aliyekuwa nyuma yetu, anaapa hajawahi kukiona. Aliuchukua ule mkono mdogo akaurudisha kifuani. Akakifunika kichwa cha mtoto kwa kiganja chake. Akamtazama mzee mara moja, kisha akageuza uso, akapanda. Hakukimbia. Alikwenda tawi hadi tawi mpaka ukungu ukamfunika, na hakuangalia nyuma.

Mzee alibaki amesimama. Halafu, polepole, akageuka na kuupa mti mgongo, kama afanyavyo barazani kwake Ikupa anapopita. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi na hakuyafuta.

"Ndaga fijo," alisema, akimaanisha asante sana. "Ndaga fijo, mkwe wangu."

Mwandishi naye alilia, na haoni aibu kuliandika.

Tulipokuwa tunashuka alisema siku moja si ushahidi. Kesho atapanda tena, na keshokutwa, mpaka mwezi uishe. Walinzi nao watalala karibu na chemchemi kwa zamu. Ila chumvi hataipandisha tena mlimani. Ameokota kokoto mtoni za kuweka kwenye kopo, maana sauti ni ileile na atakayekuja kwa sauti hiyo hatakuta kitu cha kulamba. Mwandishi alimuuliza anatamani nini zaidi ya hapo.

"Yule mtoto," alisema. "Akiwa mweusi, akiwa mkubwa, nipite chini ya mti wake na asijue kwamba niliwahi kuwa na jina. Nikifika hapo nitajua nimemaliza."

Nyumbani alimwaga chumvi yote iliyobaki kwenye bakuli, akaenda nalo mpaka mlango wa jiko. Alikohoa mara mbili ili asikike. Akaliweka bakuli kizingitini, akageuka, akasimama akitazama migomba. Nyuma yake mkono wa Ikupa ulitoka mlangoni, ukalichukua bakuli, ukaingia nalo ndani kuungia mboga ya mchana.